Mashuka Sita ya Kitani na Mwalo wa Baba Devota

Siku niliyoagwa kazini nilipewa kitenge na sufuria kubwa. Sufuria! Mtu ameshinda kwenye maji tangu usichana wake mpaka vidole vimepinda, halafu unamuaga kwa kumpa chombo kingine cha kutia maji. Nilishukuru, na vigelegele nikapiga, maana mimi ni mtu wa adabu. Tulipomaliza pilau, mabinti wanaofanya kazi za ndani hapa Segese wakanizunguka. "Mama Kulwa, tuandikie basi mambo ya mashuka ya kitani. Sisi tukiyafua yanatoka kama karatasi iliyotafunwa na mbuzi." Haya, nimeandika. Msiposoma, shauri yenu na mbuzi wenu.

Mambo ya mshahara na vyeo nayaruka. Dobi hana cheo cha kupanda. Anaanza na karai anamaliza na karai, tofauti ni kwamba la mwisho limetoboka.

Nilianzia Shinyanga mjini, nyumbani kwa Mama Zulfa. Mume wake alikuwa na duka la vitambaa. Ni Waislamu wenye asili ya Kihindi, wamekaa mji ule tangu enzi za babu zao, na Kiswahili chao kilikuwa kimenyooka kuliko changu mimi niliyetoka Songwa nikiwa na Kisukuma tele na Kiswahili cha kuombea maji ya kunywa. Mama Zulfa alikuwa na mashuka ya kitani ambayo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuyagusa isipokuwa dobi wake, Mzee Luhende. Mimi niliajiriwa kumsaidia mzee, yaani niliajiriwa kutukanwa na mzee.

"Shikamoo babu," nikamwamkia siku ya kwanza.

"Marahaba. Unajua kufua?"

"Najua."

"Nani kakudanganya?"

Akanipa shuka kavu, chafu, akaniambia nikakung'ute nyuma ya nyumba. Nikakung'uta. Nikarudi. Akalitazama, akaniambia nikakung'ute tena. Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa. Nikaanza kudhani nimeajiriwa kuwa upepo. Kumbe mzee alikuwa na maana yake. Vumbi letu hili jekundu likiwa kavu linatoka kwa kukung'utwa tu, ila ukilimwagia maji kabla ya kulitoa linageuka udongo wa kukandikia nyumba, na umelikandika mwenyewe kwenye uzi. Ninyi leo mnatupa kila kitu kwenye mashine mnabonyeza kitufe, kisha mnakuja kuniuliza kwa nini shuka limekuwa na rangi ya tofali. Ulizeni kitufe.

Baada ya kukung'uta, mzee aliloweka. Maji ya baridi, au ya uvuguvugu kama jua limeyapasha kwenye pipa, si ya kuchemka. Sabuni ya mche aliikwangua kwenye maji kwanza mpaka iyeyuke, kwa sababu ukisugua kipande cha sabuni juu ya kitani unakikata nyuzi. Hakusugua kwa vifundo vya vidole hata siku moja. Alikuwa anakandamiza kwa viganja na kuachia, anakandamiza na kuachia, huku akiniambia mimi ningefaa zaidi kuponda mawe.

Maji yenyewe alikuwa anayachagua kuliko watu wanavyochagua wachumba. Visima vingi vya huku vina kutu ndani ya maji, hata kama kwenye glasi unayaona meupe. Ukitia dawa ya madoa yenye klorini kwenye maji ya namna hiyo, kutu yote inahamia kwenye kitambaa. Shuka linaingia jeupe linatoka na rangi ya chai ya maziwa, na mwenye shuka anakutazama kana kwamba umelinywesha wewe. Mzee alikinga maji ya mvua, na kiangazi akatumia ya bomba. Doa la kutu alilipaka ndimu na chumvi akalianika juani, akasubiri, akarudia. Dawa za kung'arisha aliziita uvivu wa chupani.

Kukamua ndiyo ilikuwa marufuku kabisa. Ukilisokota shuka la kitani kama unachinja kuku, mikunjo ile utakaa nayo. Tulikuwa tunalikunja likiwa limelowa, tunalibana kwa mikono maji yatoke, halafu mimi nashika ncha mbili yeye mbili, tunavutana mpaka linanyooka. Linaanikwa penye upepo. Linatolewa kwenye kamba likiwa na unyevu bado, linapigwa pasi papo hapo, pasi ya moto kweli kweli. Kitani kikikauka kabisa kabla ya pasi, utapiga mpaka mkaa uishe. Na ile pasi ya mkaa tuliifuta kitako kila mara, maana chembe moja ya moto ikidondoka una dirisha kwenye shuka.

Mzee Luhende alizeeka akarudi kwao, nikabaki peke yangu na matusi yake kichwani. Nikakaa kwa Mama Zulfa mpaka wanangu mapacha, Kulwa na Doto, wakaanza shule. Kisha familia ile ikahamishia duka Mwanza, na mimi Mwanza sikutaka. Ndipo akaja Mama Devota.

Mama Devota alikuwa mteja wa vitambaa pale dukani. Mwanamke wa Ushirombo, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mpole mpaka unatamani kumfinya aseme neno. Ameolewa na Msukuma wa huku Msalala, mtu wa machimbo, na nyumba yao iko hapa hapa Segese. Alisikia kwamba nakijua kitani, akaniita pembeni.

"Nina mashuka sita," akasema. "Ya mama yangu."

Mama yake, Bibi Anjelina, alifua na kushona kwa masista wa misheni huko kwao tangu akiwa binti. Masista walipoondoka walimwachia robota la kitani. Akalikata akashona mashuka sita, pindo zote kwa mkono, mishono midogo mpaka unatafuta miwani. Binti yake alipoolewa akampa yote.

"Alinipa na neno moja," Mama Devota akaniambia. "'Siku nitakapokuwa wa kulala bila kuamka, unilaze kwenye kitani changu.' Nikamkubalia. Sasa mimi nataka siku hiyo ikifika mashuka yawepo, na yawe mazima. Sina kingine cha kumpa mama."

Ndiyo kazi iliyonileta Segese. Nikafikiri ni kazi nyepesi. Mashuka sita yasiyolaliwa na mtu, hata panya anaweza kuyatunza. Nilikuwa sijaonana na Baba Devota.

Baba Devota alikuwa na makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, na chini yake mialo miwili. Kwa asiyejua, mwalo ni kama mfereji wa mbao ulioinamishwa. Unautandika magunia au mablanketi yenye manyoya, unamwaga unga wa mawe na maji, matope yanashuka, dhahabu kwa kuwa ni nzito inanasa kwenye manyoya. Kinachopita na maji kinaitwa marudio, na huwa kinauzwa kwa wenye mitambo ya kukifanyia kazi tena. Baba Devota alikuwa anarudi kutoka huko mweupe wa vumbi la mawe kuanzia nywele mpaka kucha, anajitupa kitandani na viatu. Kitanda chao kilikuwa na mashuka ya maua kutoka China, yale yanayoteleza na kukupika kwa joto. Namshukuru Mungu yalikuwa ya China.

Siku ya kwanza nimeyafua, namwaga maji, nasikia mtu anapiga yowe kama nimemwaga mtoto.

"Mama Kulwa! Unamwaga mali?"

"Mali gani, Baba?"

"Vumbi la karasha hilo! Lina dhahabu! Maji ya kufulia vitu vyangu hayamwagwi katika nyumba hii!"

Basi kuanzia siku hiyo nikafua, nikatega beseni, nikasubiri tope litulie. Baba Devota anachuchumaa nyuma ya nyumba na karai lake, anazungusha, anazungusha, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, mtu mzima mwenye wafanyakazi na heshima zake. Kwa miaka yote hiyo alichokipata kwenye povu langu kingetosha kuziba jino la panya. Ila kila mara akiona kitu kinang'aa ananiita nikatazame, nami naenda, nasema, "Hongera Baba." Mara nyingi ilikuwa ni sabuni.

Yale sita yalikuwa chumba cha ndani, kabatini. Hapa nawaambia jambo ambalo watu wa huku hamtaki kulisikia. Kitu kizuri mnakifungia kwa ajili ya wageni mpaka kinafia ndani. Kitani hakipendi hivyo. Kikikaa kimekunjwa mahali pamoja kinakatika kwenye mkunjo. Kila baada ya muda niliyatoa, nikayafua kwa maji ya mvua, nikayapiga pasi, nikayakunja upande tofauti na wa awali. Sikuyatia kwenye mifuko ya nailoni, kitani kinavunda humo. Niliyafunga kwenye kanga kuukuu iliyofuliwa, na majani makavu ya mwarobaini kwenye kijifuko pembeni ya kabati kwa ajili ya wadudu. Mama Devota alikuwa anakuja kukaa karibu yangu nikipiga pasi, anapitisha kidole kwenye pindo za mama yake.

Tukaenda hivyo miaka, mpaka mialo ya Baba Devota ikaanza kutoa matope matupu. Mtu mwenye akili zake angekagua mawe, au mteremko wa mwalo. Yeye akaenda Ushetu kwa mtu wanayemwita mtaalamu. Akarudi uso unang'aa. Mtaalamu amemwambia dhahabu inamkimbia kwa sababu anailaza pabaya, kwenye magunia na mablanketi ya mtumba. Dhahabu ni kitu cha heshima, inataka kulazwa kwenye kitambaa cheupe, na kikiwa kimetoka kwa watu wa Mungu ni bora zaidi. Mtaalamu alijuaje kwamba kabatini kuna kitani cha masista? Alijua kwa sababu Baba Devota alimwambia. Utaalamu ndio huo.

Alikuja asubuhi Mama Devota akiwa misani. Nikamkuta ameshachomoa mawili ya juu.

"Baba, shikamoo. Hayo unayapeleka wapi?"

"Marahaba. Kwenye mwalo."

"Baba, kitani hakishiki kitu. Kimefuliwa miaka mingi, kinateleza. Ndiyo sababu uchafu unatoka upesi. Dhahabu yako itapita juu yake inakwenda zake."

"Mama Kulwa," akasema kwa upole wa mtu anayemwelekeza mgonjwa, "wewe mambo yako ni sabuni."

"Ndiyo, Baba."

Akaondoka nayo. Mama Devota aliporudi nikamwambia. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kizingiti na kitabu chake cha sala mapajani, akalia, na mimi nikakaa pembeni yake nikiwa na hasira ambayo hata leo nikiikumbuka natamani kumshika mtu.

Matokeo mnayajua, maana Segese nzima ilicheka. Unga wa mawe uliteremka juu ya kitani safari nzuri bila kusimama popote. Dhahabu yote iliyokuwamo ikaingia kwenye marudio, na marudio Baba Devota alikuwa ameshamuuzia jirani yake mwenye mtambo. Jirani alipata gari. Baba Devota alirudi na shuka moja lenye mistari myekundu na ya kijivu, na la pili likiwa vipande, mbao zililirarua. Mngedhani amejifunza. Yaya, hata kidogo! Alikaa akawaza, akapata jibu: mashuka mawili ni machache. Mtaalamu alisema kitambaa, hakusema vipande viwili. Mwalo utandikwe wote, juu hadi chini. Yamebaki manne, yanatosha.

Katika siku hizo hizo ndipo Bibi Anjelina akaletwa. Miguu ilikuwa imemwisha nguvu na moyo nao umechoka. Hospitali ya Kahama walisema hakuna cha kufanya zaidi ya kumtunza nyumbani, basi Mama Devota akamchukua akae kwake. Alishuka kwenye gari ameshikwa mkono huku na huku, mwanamke mdogo mkavu, macho makali. Kitu cha kwanza alichonitazama ni vidole.

"Wewe ndiye dobi?"

"Ndiye mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Vidole vyako vimeharibika vizuri."

Baba Devota alimwamkia mama mkwe wake akiwa nyuma ya mlango, uso ameuelekeza ukutani. Hapo alikuwa mtu safi kabisa, lazima niseme ukweli. Kwetu mkwe ni mkwe. Mwanamume hampi mkono mama mkwe wake, haingii chumba anacholala, haketi alipoketi. Na matandiko aliyolalia mama mkwe, hayo hata kwa fimbo hayagusi. Baba Devota anaweza kuchezea mambo mengi, ila hilo alikulia nalo, na wazee wa kwao wangemtenga.

Asubuhi ya pili yake nilikuwa nimeyapiga pasi yale manne, nimeyapanga juu ya benchi refu sebuleni, tayari kwa kutandika kitanda cha bibi. Baba Devota akaingia na gunia tupu mkononi.

Mama Devota akasimama mbele ya benchi. Yule yule mpole. "Haya huyachukui."

"Mke wangu, nitakununulia mengine. Kumi! Ya maua!"

"Mama yuko humo ndani anaumwa. Nilimwahidi."

"Namuuguza kwa kitu gani, si kwa hiyo hiyo dhahabu? Sogea."

"Sisogei."

Akamshika bega amsogeze. Na mimi, na umri wangu, nilikuwa nimeshaikamata pasi ya mkaa kwa mpini, nikimwomba Mungu anipe sababu. Ndipo tukasikia sauti ya chumbani. "Mama Kulwa! Njoo unishike mkono."

Nikaenda mbio. Bibi alikuwa ameshashusha miguu. Nikamwinua, akatembea hatua zake zile za kuburuta mpaka sebuleni, na Baba Devota kumwona akamwachia mkewe, akageukia ukuta upesi mpaka akagonga picha ya Bikira Maria. Bibi hakumtazama. Alifika kwenye benchi, akakaa juu ya mashuka, akainua mguu mmoja, nikamsaidia wa pili, akalala chali juu ya yote manne na mikono kifuani.

"Mkwe wangu," akasema akitazama dari.

"Shikamoo mama," ukuta ukajibu.

"Marahaba, baba. Nasikia una haraka. Karibu, chukua."

Gunia lilimwanguka Baba Devota mkononi. Alitoka kinyumenyume akipapasa ukuta, akakosea mlango, akaingia stoo, akatoka stoo, akapata mlango. Mama Devota alicheka mpaka akashika tumbo, na huku machozi yanamtoka. Sikuwahi kumsikia akicheka.

"Bado," bibi akasema. "Kesho atasema lile la chini halikunigusa. Nitandikie moja moja." Basi tukatandika la kwanza akalala, tukatoa, tukatandika la pili akalala, mpaka yote manne. La mwisho alikoroma kidogo kwa makusudi, mlango ukiwa wazi.

Tangu hapo mashuka yale yakawa salama kuliko benki. Na kazi yangu ya kweli ikaanza, maana sasa yalikuwa yanalaliwa. Mabinti, hapa tulieni, siku moja mtauguza mtu. Mgonjwa asiyeinuka ngozi yake inachubuka, na adui wake ni joto, unyevu na mkunjo. Kitani kinanyonya jasho na kukauka haraka, ila ukikitandika na mkunjo ni kama umemlaza juu ya kamba. Nilikuwa natandika navuta kila upande, napitisha kiganja, narudia. Kikilowa mkojo unakitoa saa ile ile na kukisuuza kwa maji ya baridi, si usubiri siku ya kufua. Damu ni maji ya baridi na chumvi. Ukiipiga maji ya moto umeiivisha na haitoki tena. Tulimgeuza bibi mimi na binti yake, upande huu na upande huu, na ngozi yake haikuchubuka mpaka mwisho.

Na alikuwa ananikagua! Mtu hawezi kuinua kikombe, lakini anapapasa shuka na kusema, "Hapa umepita na pasi au na baiskeli?" Narudi napiga upya. Siku nikipatia anafumba macho tu, anavuta hewa ya kitani kilichokauka kwa upepo. Nilimpenda bibi yule. Mimi si mtu wa kusema maneno hayo, hata kwa marehemu mume wangu niliyasema kwa shida, lakini nilimpenda.

Lile la mwaloni nilikuwa nalihangaikia pembeni. Ndimu na chumvi, jua, naliloweka, nalitandaza juu ya nyasi likiwa na maji ili jua lilinywe. Ya kijivu ilipungua, ile mistari myekundu ikagoma. Siku moja bibi akataka alione. Nikampelekea nikiwa na aibu, ingawa si mimi niliyelipeleka machimboni. Akaligeuza, akatafuta pindo zake, akazikuta nzima.

"Hili mtanilazia ndani ya sanduku," akasema.

Mama Devota akashtuka. "Mama, hili? Nilikuahidi nitakulaza kwenye kitani kizuri."

"Umeshanilaza. Si ndiyo nimelala hapa miezi yote hii? Ahadi umeitimiza, mwanangu, imekwisha. Huko ninakokwenda hakuna atakayekagua mashuka. Manne mazuri ni yako, uyalalie wewe, yasirudi kabatini." Akapumzika kidogo, pumzi zilikuwa zimemwishia. "Na kama kuna dhahabu yoyote iliyonasa humu, mwambieni mkwe wangu asijisumbue. Naondoka nayo."

Alifariki asubuhi moja nikiwa nimetoka kumbadilishia. Shuka lilikuwa bado lina joto la pasi. Tulimlaza kwenye lile lenye mistari kama alivyotaka, tukampeleka Ushirombo akazikwe kwao. Baba Devota alisimama kaburini analitazama sanduku linavyoshuka, akalia kwa sauti, kwikwi mpaka watu wakamshika. Alimlilia mkwe au alililia shuka, sikumuuliza, na mimi nilikuwa na kilio changu.

Tuliporudi kutoka matangani Mama Devota akanikabidhi yale manne. "Fua. Kisha utandike kitanda."

"Kitanda kipi, mama?"

"Changu."

"Kile mnacholala wewe na Baba?"

"Nina kitanda kingine, Mama Kulwa?"

Nikafua, nikapiga pasi, nikatandika. Asubuhi yake nafika kazini, namkuta Baba Devota kwenye kochi la sebuleni, miguu inaning'inia, macho mekundu. Ameingia chumbani kwake, akaona kitani cha mama mkwe kimetandikwa upande wake na upande wa mkewe, na mkewe amelala katikati kwa raha zake. Hajagusa hata chandarua. Baada ya siku chache akahamia chumba cha wageni na mashuka yake ya maua, anaamka ameloa jasho kama ametoka duarani, kule shimoni kwa wachimbaji. Hakuna aliyemfukuza. Mlango wa mkewe uko wazi, hata ufunguo hauna.

Alivumilia, akavumilia. Siku moja nanyoosha mashuka kwenye kamba, akaja akasimama mbali kidogo, mikono nyuma, macho pembeni.

"Mama Kulwa."

"Naam, Baba."

"Hivi hayo... kitani huwa kinachakaa baada ya muda gani?"

"Inategemea, Baba. Kikifuliwa ovyo hakifiki mbali."

Uso wake ukachangamka. "Na kikifuliwa vizuri?"

"Kikifuliwa vizuri, wajukuu zako watakilalia."

Akatazama kamba, akatazama ardhi. "Wewe huwa unafuaje?"

"Vizuri sana, Baba," nikamwambia.

Sasa mimi nimestaafu, na karai limewaangukia ninyi. Kila nilichojua nimewaandikia hapo juu. Mama Devota hajasema kama amemsamehe mume wake. Mpaka aseme, fueni vizuri.